Shajara ya mradi: wazee wa ajabu na sifuri zisizoonekana

Jumatatu, jioni

Naanza kuandika hii leo maana wiki iliyopita nilipiga kazi siku 3 afu nikasahau kabisa nilipitia wapi, sitaki tena.

Kazi yenyewe ni hii. Tumeingiza kwenye kompyuta daftari za wagonjwa wa nje, zile za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya Tanzania) kitabu namba 5, za zahanati na vituo vya afya 41 kutoka Muheza, Korogwe na Mkinga, mwaka mzima Januari mpaka Desemba. Kila hudhurio mstari mmoja: namba ya kituo, namba ya mgonjwa, tarehe, umri, jinsia, kapimwa malaria au hakupimwa, na majibu. Bosi hataki jedwali la kuprinti, anataka dataseti kabisa, mstari mmoja kwa kila kituo, kila mwezi, kila kundi la umri, kila jibu, na pembeni idadi. Kisa? Kuna faili lingine la vitendanishi, linaloonesha kila kituo kilipokea boksi ngapi za vipimo vya haraka mwezi gani, na haya mawili lazima yaoane. Sasa jedwali la kwenye skrini huliozeshi na kitu, utaishia kunakili namba moja moja kama karani wa mahakama ya mwanzo.

Natumia Stata, programu ya takwimu. Dada (siyo ndugu wa damu, ni mkubwa wangu hapa ofisini na wote tunamwita hivyo) anatumia R, programu nyingine ya takwimu, na hakosi neno la kunichokoza nalo.

Leo nimeanza na `tabulate`, jedwali likaja zuri likapita zake, hamna kilichobaki. Nikahamia `contract`, amri ambayo unaipa majina ya safu na yenyewe inakurudishia kila mchanganyiko uliopo pamoja na idadi kwenye safu mpya inaitwa `_freq`. Tamu sana. Ila nilichosahau ni kwamba inafuta data yote iliyokuwa kwenye kumbukumbu na kuweka hizo hesabu, na mimi kwa furaha zangu nikapiga `save, replace` kwa jina lilelile la faili mama. Kwa hiyo daftari za mwaka mzima zimegeuka mistari mia kadhaa ya hesabu. Nimekaa kimya kama dakika 2 hivi. Bahati nzuri nakala iko kwenye flashi, ya Ijumaa, kwa hiyo nimepoteza masahihisho ya nusu siku tu.

Kuanzia sasa: `preserve` (inahifadhi data pembeni) kabla, `restore` (inairudisha) baada. Au bora zaidi fremu, yaani data zaidi ya moja wazi kwa wakati mmoja, zilizoingia kwenye Stata 16 mwaka 2019, unachukua safu unazozihitaji unaziweka kando kwa `frame put kituo mwezi kundi jibu, into(hesabu)` afu unabana kulekule, `frame hesabu: contract kituo mwezi kundi jibu`, na data mama haiguswi hata ukiwa na usingizi.

Jumanne

Kabla ya kugusa data ya kweli nimesema ngoja nijaribu kwenye ile data ya magari ya mwaka 1978 inayokuja na Stata yenyewe, `sysuse auto`. Magari 74 tu, 52 ya Marekani na 22 ya nje, unaweza kuhesabu kwa vidole ukawa na uhakika. Ina safu ya `rep78`, rekodi ya matengenezo kuanzia 1 mpaka 5, na magari 5 hayana kitu hapo, yana nukta tu, ambayo ndiyo alama ya Stata ya kusema hapa patupu.

Nikapiga `contract foreign rep78`. Mistari 10. Nikapiga tena nikiongeza `zero nomiss`, yaani nioneshe na michanganyiko yenye sifuri ila watupu waondoe. Mistari 10! Nikasema ah, kumbe haina tofauti, karibu nisonge mbele. Kitu kikanivuta nikaangalia vizuri. Hii 10 ya kwanza siyo ile 10 ya pili hata kidogo. Ya kwanza ina mistari miwili ya nukta (4 za Marekani, 1 ya nje) na haina kabisa mstari wa gari la nje lenye rekodi 1 wala 2, kwa sababu hamna gari kama hilo kwenye data. Ya pili imetupa nukta zote na badala yake ikaleta mistari miwili ya sifuri, gari la nje rekodi 1, sifuri, rekodi 2, sifuri. Mbili zimetoka mbili zimeingia. Jumla ndiyo inayosema ukweli: ya kwanza ukijumlisha `_freq` unapata 74, ya pili 69.

Kwa hiyo kuhesabu mistari hakutoshi, unajumlisha idadi unalinganisha na mistari ya mwanzo. Nimeweka hii kwenye skripti (`_N` ni idadi ya mistari, na `assert` inagoma kama sharti siyo kweli):

`local kabla = _N`
`contract kituo mwezi kundi jibu, freq(n)`
`summarize n, meanonly`
``assert r(sum) == `kabla'``

Nikaendesha mstari wa `assert` peke yake kwa kuuchagua na mausi, ikagoma, sintaksi mbovu. Nimezunguka robo saa. Kumbe kile kitu cha `local` kinaishi ndani ya mwendesho mmoja tu, ukiendesha kipande kipande kinakuwa kimeshakufa na Stata inaona `r(sum) ==` afu hamna kitu. Endesha yote kwa pamoja.

Jaribio lingine hapohapo, maana mtu kanishauri nitumie `collapse`, inayokunja data iwe mstari mmoja kwa kila kundi, badala ya `contract`. `collapse (count) n=rep78, by(foreign)` inatoa 48 na 21. Siyo 52 na 22. Neno `count` huko halimaanishi hesabu mistari, linamaanisha hesabu mistari ambayo hii safu ina kitu. Ukiweka `n=price` unapata 52 na 22 kwa sababu bei zote zipo. Kwenye data yetu namba ya mgonjwa haijaandikwa mara nyingi tu, kwa hiyo ningetumia hiyo ningepoteza watu bila kelele yoyote. Suluhisho la kishamba ila halikosei: `gen moja = 1`, afu `collapse (sum) n=moja, by(...)`.

Dada kapita nyuma yangu. "Sisi huku ni `count()` tu mdogo wangu, na watupu wanapata mstari wao." Nikamkumbusha siku aliyotumia `table()` ya R, ambayo yenyewe usipoiambia inawaficha watupu wote. Kanyamaza kidogo, akaenda kuweka chai.

Jumatano

Wazee.

Nimetengeneza makundi ya umri kama ya ripoti ya MTUHA: chini ya mwezi 1, mwezi 1 mpaka chini ya mwaka 1, mwaka 1 mpaka chini ya miaka 5, miaka 5 mpaka chini ya 60, na 60 kuendelea. Nikabana, nikafungua matokeo. Zahanati moja ndogo tu, kijijini, imejaza wazee utadhani kuna kikao cha wastaafu kila wiki. Na watoto wa chini ya mwaka mmoja karibu hawapo. Msimu wa baada ya masika! Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la zahanati huku mwezi wa sita anajua benchi limejaa akina nani, akina mama na vichanga mgongoni.

Sababu zilikuwa mbili, zimekaa moja juu ya nyingine.

Ya kwanza ni mimi. Nimeandika `replace kundi = 5 if umri >= 60`. Stata inachukulia ile nukta ya patupu kuwa kubwa kuliko namba yoyote duniani, kwa hiyo kila mtu ambaye umri wake haukuandikwa ana zaidi ya miaka 60 na anaingia kwa wazee. Hii nilifundishwa chuoni, nikafanyia mtihani, nikafaulu, na leo nimeingia mkenge kama mgeni. Sasa hivi `if umri >= 60 & !missing(umri)`, na wasiojulikana nimewapa kundi lao la 6, umri haujulikani, hawafichwi wala hawaazimwi kwa wengine.

Ya pili imenichosha zaidi. Nimeomba picha za kurasa za daftari lenyewe. Kwenye safu ya umri, mtoto wa miezi minane muuguzi ameandika 8/12, kama wanavyoandika hospitali zote, miezi minane juu ya kumi na mbili. Kijana wetu wa kuingiza data akaandika 8/12 kwenye Excel vilevile alivyoona, na Excel ikasema ahaa, tarehe, ikaweka 8 Desemba. Mwaka ule wa kuingiza ulikuwa 2022, kwa hiyo ukibadili seli iwe namba unakuta 44903. Mtoto wa miezi minane ana miaka elfu arobaini na nne mia tisa na tatu. Na bila shaka 44903 ni zaidi ya 60, karibu mzee, pita mbele.

Yaani makosa yote mawili yaliwasukuma haohao tunaowatafuta, vichanga, kwenda kwenye kona ileile ya wazee. Kama zahanati ile isingekuwa ndogo nisingeona.

Uzuri wake unarudishika: kila tarehe ya namna hiyo, siku ni miezi ya mtoto na mwezi ni 12 siku zote, kwa hiyo nimechukua siku nikagawa kwa 12. Kuna chache ambazo siku na mwezi zimepinduka, Agosti 12 badala ya Desemba 8, kompyuta moja ilikuwa imewekwa mpangilio wa Kimarekani. Hizo nazo mwezi ndiyo umri. Ngumu ni 12/12 kwa sababu haijulikani imepinduka ama la, ila haijalishi, miezi kumi na mbili ni miezi kumi na mbili.

Alhamisi

Umeme umekatika saa 4 asubuhi, umerudi jioni. Hamna kilichofanyika. Nimesoma picha za daftari kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

Ijumaa

Jana usiku nimewaza sifuri.

Kwenye data yangu kituo ambacho Septemba hakikupata hata kichanga mmoja mwenye majibu chanya hakina mstari wa hilo. Siyo kwamba kina sifuri, mstari wenyewe haupo, maana programu inahesabu kilichopo na asiyekuwepo haachi alama. Ukichukua wastani wa vituo kwa mwezi, unagawa kwa vituo vilivyo na mstari tu, wastani unapanda bure. Na ukiunganisha na faili la vitendanishi, vituo hivyo vinadondoka kimyakimya.

Kwanza nilijaribu `fillin wilaya kituo mwezi kundi jibu`, inayojaza kila mchanganyiko. Ikajaza kweli! Imenitengenezea kituo cha Mkinga kikiwa Korogwe, na tena kikiwa Muheza, kila kituo kipo wilaya zote tatu na sifuri zake, kwa sababu amri haijui kwamba kituo kimejengwa mahali pamoja. Faili likawa kubwa mara 3. Na zaidi ya hapo inajua tu yale iliyoyaona, kama kuna kundi ambalo halikutokea popote haitaliwaza.

Kwa hiyo nimeacha. Nimejenga mifupa kwanza afu nyama baadaye (`expand 12` inarudia kila mstari mara 12, `merge` inaunganisha mafaili mawili):

`use orodha_vituo, clear`
`expand 12`
`bysort kituo: gen mwezi = _n`
`expand 6`
`bysort kituo mwezi: gen kundi = _n`
`expand 4`
`bysort kituo mwezi kundi: gen jibu = _n`
`merge 1:1 kituo mwezi kundi jibu using hesabu`

Majibu ni 4: chanya, hasi, hakupimwa, na kapimwa ila jibu halikuandikwa. Vituo 41 mara miezi 12 mara makundi 6 mara majibu 4, mistari 11,808, haipungui haizidi, na hii sasa naijua kabla sijaendesha. Wilaya inakuja yenyewe kutoka kwenye orodha ya vituo. Safu ya `_merge` inasema mstari umetoka wapi, 1 ni mfupa bila hesabu, 2 ni hesabu bila mfupa, kwa hiyo `assert _merge != 2` inahakikisha hamna hesabu iliyokosa mfupa wake (ilikosa moja, namba ya kituo imeandikwa na herufi O badala ya sifuri, nimerekebisha). Afu `replace n = 0 if _merge == 1`.

Safi. Nikamuita Dada aone.

Kaangalia, kashuka kwa mausi taratibu, kasimama kwenye kituo kimoja. Aprili, sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, mistari yote 24 ya mwezi.

"Hii sifuri umeitoa wapi?"

"Hamna wagonjwa waliorekodiwa, Dada."

"Hamna wagonjwa, au hamna daftari?"

Sikuwa na jibu. Nimeenda nyumbani.

Jumatatu tena

Asubuhi nimetengeneza kitu ambacho kilitakiwa kuwepo tangu siku ya kwanza, faili dogo la daftari zenyewe: kituo, mwezi, daftari limefika au halijafika. Nimepitia picha zote. Miezi 9 ya vituo mbalimbali haina daftari kabisa. Pia kuna kituo kimoja kilichofunguliwa katikati ya mwaka, nami nimekipa sifuri za kuanzia Januari, wakati Januari pale palikuwa na mafundi wanapiga plasta.

Mchana nimepiga simu kwa mganga mfawidhi wa kile kituo cha Aprili. Ni mama mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

Nikamweleza. Akacheka. "Aprili mvua iliingia chumba cha daftari. Tuliandika kwenye makaratasi, makaratasi nayo yakaloa. Wagonjwa walikuwepo mwanangu, tena tele, mpaka nje chini ya mwembe."

Wagonjwa tele, na mimi nimeandika sifuri.

Nikamuuliza na Novemba, maana Novemba daftari lipo ila waliopimwa ni sifuri, wote wameandikwa hawakupimwa. "Vitendanishi viliisha. Tuliwapa dawa kwa kuangalia dalili." Sasa hiyo ni sifuri ya kweli, kabisa, hakuna aliyepimwa. Ila mtu akiisoma bila kuangalia mistari ya hakupimwa atasema Novemba hapakuwa na malaria pale. Ndiyo maana nafurahi kwamba wasiopimwa tumewaweka kama jibu kamili badala ya kuwatupa, na ndiyo maana bosi alitaka liunganishwe na faili la boksi.

Kwenye Stata nukta siyo moja, ziko 27, ile tupu na nyingine kutoka `.a` mpaka `.z`, na leo nimezitumia kwa mara ya kwanza maishani: `.a` daftari halikufika, `.b` kituo hakijafunguliwa. Sifuri imebaki kuwa sifuri tu, daftari lipo na ndani hayupo mtu wa namna hiyo.

Jumanne

Bosi kaomba na jumla za robo mwaka. Rahisi, `collapse (sum) n, by(kituo robo kundi jibu)`. Nimeenda moja kwa moja kwenye kile kituo kipya, robo ya kwanza. Sifuri!

Jamani. Kazi ya jana yote. Kumbe `sum` ukiipa nukta pekee inajumlisha kama hamna kitu na kukupa 0, haikupi nukta. Yaani programu yenyewe ukiiacha inapenda kurudi kwenye sifuri.

Nimefanya `collapse (sum) n (count) miezi=n`, na safari hii ile tabia ya `count` iliyonikera Jumanne iliyopita ndiyo imeniokoa, inaniambia kwenye robo hii ni miezi mingapi ilikuwa na namba. Ikiwa 0, nakuwa na haki ya kurudisha nukta. Ikiwa 1 au 2 naiacha jumla ila safu ya `miezi` inabaki kwenye faili, asomaye ajue hiyo siyo robo kamili. Kile kituo cha Aprili robo ya pili kina 2.

Pia nimeandika kwenye lebo ya `n` kwamba ni mahudhurio na siyo watu. Mtoto aliyepona anaweza kurudi na homa nyingine baada ya wiki 2 na kipimo cha haraka kikasoma chanya, kwa sababu ile protini kinachoitafuta hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Hapo mtoto mmoja ana chanya mbili. Faili letu haliwezi kuwatenganisha na silidanganyi liweze. Hii lebo niliifuta bahati mbaya mara moja, maana `collapse` huwa inaandika lebo zake juu ya zako, `(sum) n`, ndiyo mtu aelewe nini hapo? Kwa hiyo lebo zinawekwa mwisho kabisa.

Jumatano

Nimeunganisha na faili la vitendanishi. Mara ya kwanza likagoma, hilo faili linatumia majina ya vituo na siyo namba, na jina moja lina nafasi mwishoni ambayo macho hayaioni, `strtrim()` imemaliza. Mengine mawili nimeyaoanisha kwa mkono na kuandika sababu pembeni.

Wale wazee wamerudi kuwa wachache kama inavyotakiwa. Vichanga wamejaa Juni na Julai.

Nimepeleka saa 9. Bosi kafungua, kashuka chini, kakuta `.a`.

"Hii ni nini? Si uweke sifuri tu ikae vizuri."

Nikamwambia mvua, makaratasi, mwembe. Kasikiliza mpaka mwisho. Kaandika kitu kwenye notibuku yake afu kasema sawa, iache, ila ongeza na jinsia.

Nimerudi kwenye mifupa nikaongeza `expand 2`, nikaendesha, na `assert _merge != 2` imegoma hapohapo. Kuna wagonjwa ambao jinsia haikuandikwa. `expand 3`. Mistari 35,424, naijumlisha sasa hivi chai ikiwa bado ya moto.